Majenerali wa Myanmar walikuwa na kila kitu. Mbona wakapindua?

Msomaji wa Tanga anauliza: "Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana Burma, ndiyo Myanmar ya leo. Nimekua nikilisikia jina hilo, ndiyo maana nafuatilia habari za huko. Jambo moja linanitatiza. Katiba ya Myanmar iliandikwa na jeshi lenyewe, ikawapa wanajeshi robo ya bunge na wizara nyeti. Sasa mwaka 2021 walipindua serikali ili wapate nini? Na ni kweli kwamba bila jeshi nchi ile ingesambaratika kwa wingi wa makabila?"

Ndugu msomaji, walikosa viti 123.

Nitaieleza hesabu hiyo, maana ndani yake mna karibu nusu ya jibu. Bunge la Myanmar, mabaraza yake mawili yakikaa pamoja, lina viti 664. Kati ya hivyo, 166 ni vya maofisa wa jeshi wanaoteuliwa na mkuu wa majeshi. Hawaombi kura kwa mtu. Rais naye huchaguliwa na wabunge hao wote. Kwa hiyo mgombea wa jeshi huanza safari ya urais akiwa na kura 166 kibindoni. Katika uchaguzi wa Novemba 2020, viti 22 havikugombewa kwa sababu ya vita, vikabaki 476. Jumlisha na vile vya jeshi upate 642. Wingi wa hapo ni 322. Maana yake, chama cha wanajeshi wastaafu, USDP, kilihitaji viti 156 tu, chini ya theluthi moja ya vilivyogombewa, ili kumpa mkuu wa majeshi Ikulu kwa njia halali kabisa. Kilipata 33. Chama cha NLD cha Aung San Suu Kyi kilipata 396.

Katiba ya 2008 ilijengwa juu ya imani kwamba theluthi hiyo haiwezi kukosekana. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Jenerali Than Shwe na wenzake waliivuta kwelikweli. Walijipa robo ya bunge, kisha wakaandika kwamba vifungu vyote muhimu havibadilishwi bila kura zaidi ya robo tatu. Asipopatikana hata mbunge mmoja wa jeshi wa kunyosha mkono, marekebisho yamekufa. Wizara za Ulinzi, Mambo ya Ndani na Mipaka zikawa za mkuu wa majeshi kuteua. Kikawekwa kifungu kinachomzuia kuwa rais mtu yeyote ambaye mwenzi wake au watoto wake ni raia wa nchi nyingine, na kila mtu alijua kinamlenga nani: wana wa Suu Kyi ni Waingereza, na marehemu mumewe pia. Kura ya maoni ya kuipitisha ilipigwa tarehe 10 Mei 2008, siku chache baada ya kimbunga Nargis kuua au kupoteza watu wapatao 138,000 katika delta ya mto Irrawaddy. Maeneo yaliyoumia zaidi yalisogezewa kura kwa wiki mbili. Kwingineko maboksi yalifunguliwa kama kawaida, na serikali ikatangaza kwamba zaidi ya asilimia 92 wamesema ndiyo.

Kwa muda mpango ulikwenda vizuri. Mwaka 2010 NLD ilisusia uchaguzi, USDP ikashinda, na jenerali mstaafu Thein Sein akawa rais. Akafungua magazeti, akawaachia wafungwa wengi wa kisiasa, akasimamisha ujenzi wa bwawa la Wachina la Myitsone. Dunia ikapiga makofi. Kisha ukaja uchaguzi wa 2015 na USDP ikaambulia viti 41. Wengi wetu tulidhani majenerali wamelimeza hilo. Wao waliliona kama ajali ya safari moja: watu wana hasira za miaka hamsini, watazimaliza, watarudi. Miaka mitano baadaye, uchumi ukiwa haujawa mzuri kihivyo, viti vikashuka kutoka 41 hadi 33. Hapo ndipo walipoelewa kwamba mlango ule waliojiachia wenyewe hautafunguka kamwe kwa kura.

Kulikuwa pia na mambo mawili ya karibu zaidi. La kwanza ni wakili anayeitwa Ko Ni. Huyu alichambua katiba ya wanajeshi akagundua kwamba, pamoja na vizuizi vyake vyote, haikukataza bunge kuunda cheo kipya. Hivyo mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya cheo cha Mshauri wa Taifa, na Suu Kyi akatawala akiwa juu ya rais aliyemteua mwenyewe. Wabunge wa jeshi walichukia mno. Tarehe 29 Januari 2017 Ko Ni alipigwa risasi ya kichwa nje ya uwanja wa ndege wa Yangon, akiwa amempakata mjukuu wake. Mwaka 2020 NLD ikapeleka bungeni pendekezo la kupunguza viti vya jeshi kidogokidogo hadi asilimia tano. Lilikwama kwa kura za jeshi, kama ilivyotarajiwa, lakini nia ilikuwa imeonekana.

La pili ni umri. Mkuu wa majeshi, Min Aung Hlaing, alikuwa anatimiza miaka 65 Julai 2021, na huo ndio ulikuwa ukomo wa utumishi wake. Baada ya yaliyowapata Warohingya, Waislamu wa magharibi mwa nchi waliofukuzwa na jeshi mwaka 2017, alikuwa tayari amewekewa vikwazo na Marekani, na kesi ya mauaji ya kimbari ilikuwa imefunguliwa The Hague dhidi ya nchi yake. Kustaafu bila urais kungemfanya mzee wa kawaida mwenye maadui wengi. Alfajiri ya tarehe 1 Februari 2021, siku ambayo bunge jipya lilikuwa likutane, wanajeshi wakawakamata viongozi. Kwa kuwa katiba inataka rais ndiye atangaze hali ya hatari, na Rais Win Myint alikataa kujiuzulu, naye akatiwa ndani, na makamu wake aliyetokana na kambi ya jeshi akasaini karatasi. Hata wakipindua, wale jamaa hupenda karatasi. Walidai daftari la wapiga kura lilikuwa na mamilioni ya majina yenye kasoro. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeshalikataa dai hilo, na waangalizi hawakuona wizi wa kiasi cha kugeuza matokeo.

Lakini tamaa ya mtu mmoja haielezi kwa nini jeshi zima lilimfuata. Kwa hilo inabidi turudi kwa babu yako.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944, kwenye matope na malaria, ikaingia Kalewa kando ya mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Walikuwa wanawafukuza Wajapani kwa niaba ya Waingereza. Wakati huohuo Aung San, ambaye leo ndiye baba wa taifa, alikuwa upande wa pili: waziri wa vita katika serikali iliyosimikwa na Japani. Yeye na vijana wenzake, wanaokumbukwa kama Wenzi Thelathini, walikuwa wamefunzwa na Wajapani katika kisiwa cha Hainan mwaka 1941, wakarudi pamoja nao na jeshi lao la ukombozi. Waligeuka tarehe 27 Machi 1945, Japani ilipokuwa imeshazidiwa. Siku hiyo ndiyo Siku ya Majeshi ya Myanmar hadi leo.

Tazama mpangilio wa matukio. Jeshi lilizaliwa mwaka 1941. Dola lilizaliwa tarehe 4 Januari 1948. Jeshi la Tanganyika au la Kenya lilirithiwa na serikali zilizokuwapo tayari. Lile la Burma lilijiona ndilo lililoizaa serikali. Aung San aliuawa Julai 1947 pamoja na mawaziri wenzake, kabla hajaliona taifa likiinua bendera, na aliyeachiwa jeshi baadaye ni mmoja wa wale thelathini, Ne Win.

Tena kuna jeraha la vita lenyewe. Wakarini na Wakachini wengi walipigana upande wa Waingereza, upande wa babu yako. Mwaka 1942 vijana wa jeshi la Aung San waliwaua raia wa Kikarini huko Myaungmya, ndani ya delta. Mambo hayo hayakusahauliwa. Miezi michache baada ya uhuru wakomunisti wakaingia msituni, na mwanzoni mwa 1949 Wakarini wakafuata chini ya chama chao, KNU. Mkuu wa majeshi, Smith Dun, alikuwa Mkarini. Akaondolewa, na Ne Win akashika nafasi yake. Kuanzia hapo hakuna mwaka hata mmoja ambao jeshi la Burma halikupigana na raia wake. Mikoa mizima ilikulia kwenye vita hivyo, na maofisa pia.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, la nchi kusambaratika. Hiyo ni hoja ya jeshi lenyewe, na linaisomesha hadi shuleni. Ina chembe ya ukweli: serikali ya waziri mkuu wa kwanza, U Nu, mwaka 1949 ilibanwa hadi karibu na Rangoon (Yangon ya leo) tu, na bila jeshi ingeanguka. Miaka iliyofuata, mabaki ya askari wa Kichina wa Chiang Kai-shek, walioshindwa na wakomunisti wa China, walijichimbia jimbo la Shan wakilima afyuni. Hatari ilikuwapo.

Ila tuangalie pia kulikuwa na njia gani nyingine. Tarehe 12 Februari 1947, pale Panglong, Aung San aliwekeana saini na viongozi wa Washani, Wakachini na Wachini. Walikubali kuingia uhuru pamoja, kwa ahadi ya kujiendeshea mambo yao. Katiba ya mwaka huo iliwapa Washani na Wakarenni (hawa si wale Wakarini wa KNU) haki ya kujitenga baada ya miaka kumi. Miaka kumi ilipopita, viongozi wa Shan hawakuomba kuondoka. Waliomba shirikisho la kweli. Mwanzoni mwa 1962 walikuwa Rangoon wakilizungumza hilo na U Nu kwenye meza. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi, Ne Win akapindua. Sao Shwe Thaik, mfalme wa Kishani aliyekuwa rais wa kwanza wa nchi, alikamatwa na mwanawe kijana akapigwa risasi usiku huohuo. Mzee akafia gerezani mwaka huohuo. Baada ya hapo Washani na Wakachini wakaingia msituni kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Mimi sisiti kusema: kama kuna kitu kilichoivunja Burma, ni ule usiku.

Namna jeshi lilivyopigana iliongeza mafuta kwenye moto. Tangu miaka ya 1960 lina mkakati linaouita Mikato Minne: wakate waasi chakula, fedha, taarifa na vijana wa kujiunga nao. Kwa vitendo, kijiji kinachomwa, ghala linachomwa, watu wanahamishiwa kambini. Wazee wa Kenya waliopitia Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 wangeitambua mbinu hiyo mara moja. Na pale vita vilipochosha, jeshi lilinunua amani kwa biashara: kamanda wa waasi aachiwe bunduki zake, mgodi wake na mpaka wake, ilimradi asiinyooshee serikali mtutu. Hapo ndipo yanapotokea yale makambi ya utapeli wa mtandaoni ya Myawaddy, ambako vijana wa Kenya na Uganda walioahidiwa kazi nzuri Thailand wamejikuta wamefungiwa. Eneo hilo linalindwa na wanamgambo wa Kikarini waliogeuzwa kuwa walinzi wa mpaka chini ya jeshi mwaka 2010.

Miaka ya Ne Win nitaipita haraka. Ujamaa wake ulikuwa wa kipekee: kila kitu kilitaifishwa, wafanyabiashara wa asili ya Kihindi walifukuzwa kwa mamia ya maelfu, na nchi iliyokuwa ikisafirisha mchele kuliko zote duniani ikafikishwa Desemba 1987 kwenye orodha ya nchi maskini kabisa za Umoja wa Mataifa. Hata maiti ziliogopwa. U Thant, Mburma aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na aliyesimamia kumalizwa kwa uasi wa Katanga huko Kongo, alipofariki mwaka 1974, Ne Win alimnyima maziko ya heshima. Wanafunzi wakalichukua jeneza lake, na jeshi likawafyatulia risasi. Septemba 1987 noti za kyat 25, 35 na 75 zilifutwa bila fidia, zikaletwa za 45 na 90, kwa kuwa mkubwa aliipenda namba tisa. Mtu alilala na akiba akaamka na makaratasi. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Agosti 1988, nchi ikalipuka. Waliouawa wanakadiriwa kuwa 3,000. Septemba majenerali wapya wakashika hatamu, wakaitisha uchaguzi mwaka 1990, NLD ikashinda viti 392 kati ya 485, nao wakakataa kukabidhi. Kwa hiyo 2021 haikuwa mara ya kwanza.

Kilichobadilika baada ya 1988 ni pesa. Ujamaa ulitupwa, na jeshi likaunda makampuni yake mawili makubwa, MEHL mwaka 1990 na MEC mwaka 1997: bia, sigara, benki, mabasi, simu, vito vya jade vya Hpakant. Nyaraka za MEHL zilizovuja mwaka 2020 zilionyesha wanahisa zaidi ya 380,000, wote wanajeshi walioko kazini au wastaafu, pamoja na vikosi vyenyewe kama vikosi. Askari aliyetoroka au aliyefungwa hukatiwa gawio. Weka juu ya hilo chuo cha maofisa cha Pyin Oo Lwin wanakoingia wakiwa vijana wadogo, hospitali zao, shule zao, nyumba za kambini ambamo mke na watoto hukaa chini ya macho ya kikosi, na tangu 2005 mji mkuu mzima wa Naypyidaw uliojengwa katikati ya mashamba mbali na mitaa yenye maandamano. Ofisa wa namna hiyo anaweza kumaliza miaka thelathini bila kuwa na rafiki raia. Ukimwambia NLD imepata asilimia 83 ya viti, anasikia kwamba watu wamedanganywa. Ndiyo sababu walimfuata Min Aung Hlaing.

Najua utaniuliza: na huyo Suu Kyi, mbona alikwenda The Hague kuwatetea? Wengi hudhani alilazimishwa. Sidhani. Ni binti wa Aung San. Alikuwa na miaka miwili baba yake alipouawa, na mara nyingi amesema wazi kwamba analipenda jeshi alilolianzisha baba. Kuhusu Warohingya, chama chake na wapigakura wengi wa Kibama, kabila kubwa kuliko yote nchini, hawakuwa mbali na majenerali: sheria ya uraia ya 1982 iliwaacha nje, na NLD haikuigusa. Watu zaidi ya 700,000 walipokimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017, yeye alizungumza kama wakili wa serikali. Kesi ililetwa na Gambia, ikisukumwa na waziri wake wa sheria Abubacarr Tambadou, aliyekuwa amefanya kazi katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kule Arusha na aliyejua anachokitazama. Desemba 2019 Suu Kyi akasimama mbele ya majaji kulikinga jeshi. Miezi kumi na minne baadaye jeshi hilohilo lilimfunga, na hukumu zake zikafika miaka 33 kabla ya kupunguzwa hadi 27.

Baada ya mapinduzi kilitokea kitu ambacho majenerali hawakukiweka kwenye hesabu zao. Wiki za kwanza watu waligonga masufuria madirishani kila jioni, madaktari na walimu wakagoma, na jeshi likajibu kwa risasi. Kisha vijana wa Kibama wa Yangon na Mandalay, ambao wazazi wao waliamini kwamba Wakarini ni magaidi, wakaenda kwa Wakarini haohao kufundishwa kutumia bunduki. Mikato Minne ikahamia Sagaing na Magway, kitovu cha Wabama wenyewe, vijiji ambako jeshi lilikuwa likipata askari wake. Baadhi ya viongozi wa upinzani waliomba radhi hadharani kwa Warohingya. Februari 2024 jeshi lilitangaza kuingiza vijana jeshini kwa lazima, jambo ambalo halikuhitajika enzi zote za Ne Win.

Tarehe 27 Oktoba 2023 makundi matatu ya waasi yalianzisha mashambulizi ya pamoja kaskazini, na Agosti iliyofuata mji wa Lashio ukaanguka pamoja na makao makuu ya kamandi ya kaskazini mashariki. Haijawahi kutokea. Lakini Aprili 2025 Lashio ikarudishwa kwa jeshi, kwa shinikizo la China, na waliokabidhi hawakuwa wameshindwa vita. Beijing haiwapendi majenerali. Inaogopa zaidi nchi isiyo na mwenyewe mpakani mwake. Kwa mwavuli huo uchaguzi ulifanywa kwa awamu, kuanzia tarehe 28 Desemba 2025 hadi Januari 2026, katika maeneo yanayoshikiliwa na jeshi. NLD ilikuwa imeshafutwa mwaka 2023. Safari hii USDP haikukosa viti.

Ukitaka kufuatilia kinachokuja, usiangalie bunge. Angalia Rakhine, pwani ya magharibi. Jeshi la Arakan, kundi la waasi la huko, linashikilia wilaya 14 kati ya 17, na moja ya zilizobaki kwa serikali ni Kyaukphyu, ambako mabomba ya mafuta na gesi ya China yanaanzia safari ya kwenda Yunnan. Kundi hilo linaweza kuushambulia mji ule, na mpaka sasa limekuwa likipigana kuuzunguka huku likiahidi kuzilinda mali za Wachina.